Kalamu ya Nuru na Tarakilishi Iliyojifunza Kujibu

Mpenzi wa fasihi ya Kiswahili hahitaji kuelezwa tofauti iliyopo baina ya barua na majibizano. Barua huandikwa, ikatumwa, kisha aliyeiandika akaketi kusubiri. Na jibu likija likiwa limepotoka, hana budi kuchukua karatasi nyingine aanze upya. Majibizano, kwa upande wake, ni ana kwa ana. Neno hutua, likapokewa, likarudishwa. Na aghalabu msemaji hugundua alichokuwa akitaka kusema baada tu ya kuuona uso wa mwenzake. Ngonjera isingekuwa ngonjera kama mmoja wa wahusika angelazimika kusubiri hadi kesho ndipo ajue mwenzake ameghani nini.

Ni ajabu basi kwamba tofauti hii hii ndiyo iliyomsumbua kijana mmoja wa Kimarekani ambaye shughuli zake zilikuwa mbali mno na ushairi wa Waswahili. Ivan Sutherland, mzaliwa wa jimbo la Nebraska, alikuwa na umri wa miaka 24 alipowasilisha tasnifu yake ya uzamifu katika chuo cha MIT, jimboni Massachusetts, mwezi wa Januari 1963. Msimamizi wake alikuwa Claude Shannon, yule yule aliyeasisi nadharia ya kihisabati ya mawasiliano ambayo wanafunzi wa isimu hukutana nayo hadi leo. Katika kurasa za mwanzo za tasnifu hiyo Sutherland analalamika kwamba hadi wakati wake binadamu wamekuwa wakiiandikia tarakilishi barua badala ya kushauriana nayo.

Lalama hiyo haikuwa tamathali tupu. Mtafiti wa miaka ile aliyetaka tarakilishi imfanyie kazi aliandika maagizo yake, yakatobolewa kwenye kadi ngumu, tundu kwa tundu, kadi zikafungwa bunda na kukabidhiwa wahudumu wa mashine. Baada ya saa kadhaa, pengine kesho yake, alirudishiwa rundo la karatasi zilizochapwa. Kama alikuwa amekosea alama moja tu ya uakifishaji, karatasi zile zilimweleza kosa lake, naye akarudi kwenye foleni. Mashine ilikuwa bwana mkubwa ofisini, na msomi alikuwa mwombaji barazani.

Bahati ya Sutherland ni kwamba katika Maabara ya Lincoln, iliyokuwa chini ya chuo hicho hicho, palikuwa na tarakilishi iitwayo TX-2, iliyoanza kufanya kazi mwaka wa 1958. Ilikuwa kubwa kiasi cha kuhitaji chumba chake, na uwezo wake wa kuhifadhi mambo ungechekwa leo na simu ya bei ya chini kabisa. Lakini ilikuwa na kiwambo, na mtu mmoja aliweza kuketi mbele yake peke yake kwa muda mrefu, anasa ambayo katika vyuo vingi isingewazika. Hapo ndipo alipoiundia programu aliyoiita Sketchpad.

Mkono wake wa kulia ulishika kalamu; wa kushoto ulibonyeza vitufe vya kuamuru kwamba sasa chora, sasa sogeza, sasa futa. Wengi wakisikia kalamu hiyo ikiitwa kalamu ya nuru hudhani kwamba ilitoa mwangaza. La hasha! Kalamu ile ilikuwa jicho. Ndani yake mlikuwa na kifaa cha kuhisi mwanga, na nukta yoyote iliyowaka kiwamboni mbele yake iliifanya ipeleke ishara. Tarakilishi nayo, kwa kuwa ilijua ni nukta ipi iliyokuwa imeiwasha wakati huo, ikajua kalamu iko wapi. Alama ya msalaba ilionyeshwa kiwamboni, ikawa inaiandama kalamu popote ilipokwenda. Mchoraji alipotaka kumaliza mstari aliifyatua kalamu ghafla, msalaba ukaipoteza, na kule kupoteana kukahesabiwa kuwa ndiko kituo kikuu cha sentensi.

Hata hivyo, uhondo wa Sketchpad haukuwa katika kuchora. Mtoto yeyote mwenye kijiti huchora mchangani. Uhondo ulikuwa katika masharti. Sutherland aliweza kuchora umbo la pande nne ovyo ovyo, mistari ikiwa imepinda huku na huku, kisha akaiambia tarakilishi kwamba pande hizi ziwe sambamba, na hizi zikutane kwa pembe mraba. Umbo likajinyoosha mbele ya macho yake. Baadaye akivuta pembe moja, pande zote nyingine zilihama pamoja nayo ili sharti lisivunjike. Vilevile aliweza kuchora kitu mara moja kikawa mchoro mama, akatoa nakala zake kumi au mia. Akirekebisha mchoro mama, nakala zote hujirekebisha papo hapo. Mfano anaoanzia tasnifu yake ni wa umbo la pande sita lililorudiwarudiwa hadi likajaza kiwambo kama sega la nyuki. Na kwa kuwa naye alikuwa kijana, akachora pia uso wa msichana ambao jicho lake lilikonyeza.

Mwanafunzi wa Kiswahili akiyasoma haya anaweza kushangaa kwa nini yanamsisimua kana kwamba aliwahi kuyasikia mahali. Aliyasikia darasani, kwenye somo la upatanisho wa kisarufi. Kitabu changu kizuri kimepotea. Gusa neno la kwanza tu, ulitie katika wingi, na sentensi nzima hugeuka kama iliyovutwa kwa uzi: vitabu vyangu vizuri vimepotea. Hakuna haja ya kumfundisha mzawa wa lugha hii maana ya mchoro mama na nakala zake. Nomino ndiyo mama, na viambishi ni nakala zinazomfuata aendako. Tena malenga anayetunga tarbia kwa mizani nane na nane, vina vya kati na vya mwisho vikiwa vimemkalia macho, anajua fika jinsi neno moja linapohama upande wa ukwapi linavyolazimisha jingine lihame upande wa utao. Arudhi ni masharti, na utunzi ni kuvuta pembe moja na kutazama nyingine zitakwenda wapi. Yamkini wapo watakaosema kwamba mlinganisho huu ni wa kulazimisha. Ukweli ni kwamba unamfaa msomaji wa Kiswahili kuliko maelezo mengi ya vitabu vya tarakilishi, ambavyo humdhania kuwa mgeni katika jambo alilozaliwa nalo.

Miaka mitano baadaye, tarehe 9 Desemba 1968, katika mkutano uliofanyika San Francisco, Douglas Engelbart alisimamia maonyesho ya saa moja na nusu ambayo yangali yanazungumzwa. Aliwaonyesha waliohudhuria maandishi yanayohaririwa kiwamboni, hati zilizounganishwa kwa viungo, watu wawili walio mbali wakifanyia kazi ukurasa mmoja huku wakionana kwa picha, na kijisanduku chenye magurudumu chini yake kilichoendesha alama ya kiwamboni. Kijisanduku hicho cha kwanza kilikuwa cha mbao, na mwenzake Bill English ndiye aliyekiunda. Waliokitumia walikiita panya, na Engelbart mwenyewe hakuweza kueleza jina lilivyoanza. Laiti angejua ni wino kiasi gani ungemwagwa huku Afrika Mashariki kuamua iwapo kiitwe kipanya, puku au kiteuzi!

Kabla ya kuufikia wino huo, inafaa kupitia Utah. Sutherland alihamia huko mwaka wa 1968, na katika chuo kikuu cha jimbo hilo, jangwani na milimani, kulikusanyika vijana ambao walifundisha tarakilishi kuchora vitu vilivyo na umbo na kivuli. Tatizo lao lilikuwa hili. Tarakilishi huijenga mbuyu au uso wa mtu kwa vibapa vidogo vidogo bapa, na kitu kilichojengwa kwa vibapa huonekana kama kilichochongwa kwa shoka. Mwaka wa 1971 Henri Gouraud, Mfaransa, alionyesha kwamba rangi ikikokotolewa kwenye pembe za kila kibapa kisha ikachanganywa polepole kuelekea pembe nyingine, jicho hudanganyika likaona mviringo. Lakini mng'aro, ile nukta nyeupe inayometa kwenye sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, ulipotea au ukatokea mahali pasipofaa.

Aliyeufufua mng'aro ni Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Hanoi, aliyepitia Ufaransa kabla ya kufika Utah. Badala ya kuchanganya rangi, yeye alichanganya mielekeo: katika kila nukta ya kibapa tarakilishi ilijiuliza upya uso umeelekea wapi, taa iko wapi na jicho la mtazamaji liko wapi, ndipo ikaamua ing'ae kiasi gani. Tasnifu yake ni ya mwaka wa 1973. Alikuwa akiugua saratani ya damu. Alifariki mwaka wa 1975 akiwa na umri wa miaka 32, na hakuwahi kuona jinsi ambavyo filamu, michezo ya tarakilishi na hata matangazo ya sabuni yangeng'arishwa kwa hesabu zake. Bui ndilo jina la ukoo wake, lakini ulimwengu wa michoro umelichukua lile la kupewa, Phong, ukaliita mbinu. Katika mwaka huo huo wa kifo chake Martin Newell, wa chuo hicho hicho, alikipima chombo cha nyumbani kwake na kukiingiza katika tarakilishi kikawa cha kufanyia majaribio ya mng'aro na kivuli. Chombo chenyewe kilikuwa birika la chai. Limechorwa na tarakilishi mara zisizo na idadi, na lile la asili limehifadhiwa katika makumbusho ya tarakilishi huko Mountain View, California.

Phong anastahili kusitishiwa hatua kwa sababu moja. Alitoka nchi iliyokuwa vitani, akaandika kwa lugha isiyo ya mama yake, na akaacha alama ndani ya kitu chenyewe, si katika maelezo yaliyobandikwa juu yake baada ya kitu kukamilika. Huku kwa wasemaji wa Kiswahili mambo yalianzia kwenye maelezo.

Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa toleo la Kiswahili la programu za ofisi za OpenOffice, likapewa jina la Jambo. Kampuni ya Microsoft nayo haikukawia kutoa tafsiri ya Kiswahili ya programu zake. Zilikuwa siku za shangwe katika idara za Kiswahili, na shangwe hiyo ilistahili. Lugha iliyoambiwa kwamba haiwezi sayansi ilikuwa imeketi kiwamboni ikisema fungua, hifadhi, chapisha. Mabishano yakawaka. Je, ni tarakilishi, ngamizi au kompyuta? Ni kiwambo au skrini? Waliopenda unyambuaji walizozana na waliopenda utohozi, na hadi leo mwanafunzi wa Nairobi na mwenzake wa Dar es Salaam hawakubaliani kuhusu jina la kitu ambacho wote wawili wamekiweka mezani.

Ila kulikuwa na tatizo lililojificha nyuma ya msamiati. Mfasiri wa programu hapewi sentensi, hupewa vipande. Programu ya Kiingereza huwa na kauli yenye pengo, ambapo jina la kitu chochote huingizwa, kisha hufuata maneno yasiyobadilika ya kuarifu kwamba kitu hicho hakipo tena. Kitenzi cha Kiingereza hakijali kilichofutwa ni nini. Cha Kiswahili kinajali. Faili imefutwa, kiungo kimefutwa, ujumbe umefutwa, maoni yamefutwa, picha zimefutwa. Mfasiri aliyekabidhiwa kipande kimoja tu cha kuyajibia haya yote hana la kufanya ila kuibahatisha ngeli, na ndiyo maana mtumiaji hukutana na kauli zinazomkwaruza sikio kama changarawe katika wali. Hapa pana kinaya ambacho mtu hawezi kukipita kimyakimya. Tarakilishi iliyoweza mwaka wa 1963 kuhakikisha kwamba mstari mmoja ukisogea mingine yote inapatana nao, ilishindwa miaka arubaini baadaye kupatanisha kiambishi na nomino yake, si kwa sababu ni vigumu, bali kwa sababu aliyeijenga hakuwaza kwamba ipo lugha inayolihitaji jambo hilo. Masharti yalikuwepo. Hayakuulizwa ni masharti ya nani.

Lipo pia suala la adabu, na wanaosomea pragmatiki wangelichukulia kwa uzito kuliko istilahi. Katika menyu ya simu maneno mawili yanaweza kufuatana: toa pesa, halafu weka nambari ya siri. Yote mawili ni amri kavu. Lakini la kwanza ni amri ya binadamu kwa mashine, na la pili ni amri ya mashine kwa binadamu. Kiingereza kimezoea kuuficha mgeuko huo kwa kuwa maumbo yake ya vitenzi ni machache. Kiswahili kina naomba uweke, kina uweke, kina wekeni, kina kunradhi na tafadhali na starehe. Kijana hamwamrishi mkubwa wake kwa shina tupu la kitenzi. Mashine humwamrisha kila mtu hivyo, tajiri kwa maskini, mwalimu kwa mwanafunzi, na waliozaliwa nayo hawaoni tena kasoro. Ni muhali kujua ni wazee wangapi waliiona kasoro hiyo wakanyamaza.

Uwanja wa utafiti kuhusu maingiliano baina ya binadamu na tarakilishi umeanza kuyasikia haya, ingawa kwa mwendo wa kobe. Mwezi wa Novemba 2016 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa kongamano la kwanza la AfriCHI, lililowakutanisha watafiti wa uwanja huo kutoka sehemu mbalimbali za Afrika. Mwaka wa 2018 Joy Buolamwini wa MIT, chuo kile kile cha Sutherland, akishirikiana na Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, alichapisha matokeo ya kuzipima programu tatu za kibiashara zinazotazama uso wa mtu na kutaja jinsia yake. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Kalamu ya nuru ilikuwa jicho lililoshikwa na binadamu kuitazama mashine. Baada ya miaka 55 jicho liko upande wa mashine, linamtazama binadamu, na wapo binadamu ambao haliwaoni vyema. Programu zinazozungumza Kiswahili nazo zimekuja, zinajibu maswali kwa sentensi ndefu zenye upatanisho usio na dosari nyingi. Ndoto ya majibizano imetimia kwa kiasi ambacho kijana wa TX-2 asingekikisia. Bado idara nyingi za Kiswahili huyachukulia haya kama mambo ya jengo la ng'ambo ya pili ya chuo, la watu wa sayansi, ilhali maswali yanayowakwaza watu wa jengo lile ni ya ngeli, adabu na majibizano.

Anayedhani kwamba ni maswali ya wasomi tu aende soko la Kongowea, Mombasa, aketi saa moja karibu na kibanda cha wakala wa pesa za simu. Huduma hizi zilianza nchini Kenya mwezi wa Machi 2007, na hakuna asiyejua zilivyobadilisha maisha. Mwana aliye Nairobi humtumia mamake pesa kabla maji ya chai hayajachemka. Menyu inaweza kuwekwa kwa Kiswahili. Istilahi si ngumu. Atakuja bibi wa miaka sabini hivi, leso mbili mwilini, simu ameifunga kwenye pindo. Ataifungua fundo taratibu, kisha ataipitisha simu juu ya kaunta.

"Mjukuu wangu, nitolee elfu moja."

"Sawa, bibi. Hebu nambari ya siri."

Ataitaja kwa sauti, tarakimu zote nne, watu watano wakiwa nyuma yake kwenye foleni. Si kwamba hajui kusoma. Kuna wanaosoma msahafu kila alfajiri na bado huitoa simu namna hii. Simu imesema naye kwa amri kavu mara moja au mbili, amechelewa kidogo kutafuta kitufe, nayo ikajifunga bila kuaga. Tangu siku hiyo hana hamu ya kujibizana nayo. Kijana wa kibanda ana uso, humwita bibi, na humsubiri. Vidole vyake vinapita juu ya vitufe upesi kuliko macho yanavyoweza kufuata. Simu inatoa mlio. Bibi anainua shingo kuchungulia kiwambo kidogo kilichogeuziwa upande wa pili.

"Imesema nini?" anauliza.